Asali ya Jicho la Kulia

Jumatatu, 17 Machi. Elburgon

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya nyuki. Niliandika kurasa tatu, kisha nikaanza kushughulika na saa za ukutani na nyuki wakasahauliwa. Leo nimezichana kurasa hizo. Nimerudi kutoka Nakuru na habari ambayo sina mahali pengine pa kuiweka.

Jicho la kushoto limekufa. Hilo nilishalijua, tangu Krismasi upande huo ni ukungu mtupu. Ambalo sikulijua ni kwamba la kulia nalo linafuata njia hiyo hiyo. Daktari ni msichana mdogo kuliko binti yangu Kui, anaitwa Nangila, na ana upole wa mtu aliyezoea kutoa habari mbaya.

"Mzee, ni presha ya macho," akasema. "Hilo moja limeenda, siwezi kulirudisha. Hili lingine tunaweza kulichunga."

Akanipa kichupa cha matone. Tone moja kila jioni, maisha yangu yote, na nirudi mwezi wa sita apime tena. Alinieleza na mengine, kitu fulani kuhusu pembeni, jinsi ugonjwa unavyoingia. Sikusikia vizuri. Mbele yangu palikuwa na mashine: kidevu unaweka hapa, paji la uso hapa, halafu taa ya buluu inasogea polepole mpaka inagusa jicho lenyewe. Nilikuwa najaribu kuelewa inasukumwa na nini. Nilipomuuliza alicheka.

"Mzee, unataka kuifungua?"

Nilitaka, kusema kweli. Kui alikuwa nje kwenye foleni ya dawa, kwa hiyo hakuna mwingine aliyesikia yale mengine.

Jumanne, 18 Machi

Mke wangu Wanjugu hakulia mbele yangu. Alikwenda kuosha sufuria iliyokuwa safi. Aliporudi alikuwa ameshampata mwenye makosa.

"Baba Kui, hii macho umeimaliza wewe mwenyewe. Asubuhi ni skrubu za saa. Mchana ni nyuki. Jioni unafuata ndege na hiyo darubini yako. Juzi ulikuwa unapasua mawe kama mtu amerogwa. Mtu hutumia macho kwa kazi moja!"

Nikamwambia kwamba kwa miaka mingi niliyatumia kwa kazi moja, kunoa misumeno ya kiwanda cha mbao, na sikumbuki siku aliyoyasifu. Hakucheka.

Maneno hayo nimeyasikia tangu ujana. Kodiani nilijifunza kwa mzee mmoja wa ngoma ya mwomboko aliyekuwa akipiga kwenye harusi. Kupandikiza matawi ya plamu nilikuta kwenye kipande cha gazeti kilichofungiwa nyama. Mawe yalinishika siku nilipokwenda Kariandusi, nikakaa mchana kutwa mbele ya yale mashoka ya mawe ya watu wa kale, nikitaka kujua mkono uligonga wapi kwanza. Tangu siku hiyo nagonga mawe yangu mwenyewe nyuma ya banda, na bado sijapata shoka. Sijawahi kuwa bingwa wa kitu chochote, lakini sijawahi pia kuamka nikakosa la kufanya. Yote hayo sasa yanabebwa na jicho moja. Likizima, sijui huyo atakayebaki kwenye kiti changu atakuwa nani.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua ya kwanza. Fupi, lakini ya kweli.

Jumatano, 26 Machi

Matone yanawasha, nayavumilia. Nisiloweza kuvumilia ni uchungu unaoshuka kooni, halafu uzito unaonishika mwili mzima. Leo nilipanda mpaka kwenye miplamu nikapumzika njiani kama mzee wa miaka tisini.

Jumamosi, 29 Machi

Nilichukua kodiani, nikaifungua, nikaifunga, nikairudisha. Saa ya ukutani ambayo mwalimu aliniletea niitengeneze imelala mezani wiki nzima ikiwa tumbo wazi. Mvua inanyesha vizuri na sijaenda hata kuangalia kipima mvua. Wanjugu anafurahi, anasema nimetulia. Mimi naogopa. Si kwamba siwezi, ni kwamba sina hamu. Hilo halijawahi kunipata hata siku moja.

Alhamisi, 3 Aprili

Kipkemoi amekuja. Yeye ni rafiki yangu wa tangu zamani, anaishi kule juu karibu na msitu. Alinifundisha nyuki na Kikalenjin, nikamfundisha kodiani. Nyuki wangu wanazaa, na Kikalenjin changu kinawachekesha watoto wake. Kodiani yake, heri tunyamaze.

Alileta chupa ndogo ya asali nyeusi, ya wale nyuki wadogo wasiouma ambao hujificha ndani ya miti. Kabla hajanikabidhi alichovya kijiko, akaonja mbele yetu. Hufanya hivyo kila mara. Kwao, anayetoa asali huonja kwanza, ili anayepokea akae na moyo mweupe. Lakini leo aliongeza jambo. Aliinua kichwa, akajidondoshea tone ndani ya jicho lake mwenyewe, machozi yakamtoka, akafuta na mkono wa koti.

"Kamande, hii ndiyo tuliwekewa tukiwa watoto. Jicho ikiuma, inaoshwa na hii."

"Na ilisaidia?"

"Si unaona mimi naona? Lakini ya daktari usiache. Weka zote mbili."

Wanjugu alikuwa jikoni akipika chai. Ile ya kuonja aliiona kupitia mlangoni. Ile ya "usiache" hakuisikia.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimeamua jambo hili lifanywe kwa utaratibu. Ukitia mbolea mbili kwenye mstari mmoja, huwezi kujua ni ipi iliyozaa viazi. Kwa hiyo nitatumia asali peke yake, maana matone ndiyo yaliyoniondolea hamu, na nitapima.

Kipimo ni hiki. Ukutani tuna kalenda ya duka la mbao. Nakaa kwenye kiti kile kile, saa ile ile, nasoma kuanzia jina la duka lenye herufi kubwa mpaka nambari ya simu iliyo chini kabisa, ambayo Kui mwenyewe huisoma kwa kukunja macho. Leo nimesoma yote. Nikianza kushindwa na ile nambari ya simu, nitarudia matone siku hiyo hiyo. Nadhani hata Daktari Nangila angekubali kwamba huo ni mpango wa mtu mwenye akili.

Kila jioni nitafinya tone moja la dawa kwenye udongo wa ua lililo dirishani, ili chupa ipungue na Wanjugu asipate presha ya kwake.

Jumapili, 13 Aprili

Kalenda: yote.

Nimerudi! Saa ya mwalimu inatembea. Nimepandikiza matawi ya plamu manne na kuyafunga kabla mvua haijanikuta. Baada ya kanisa nilipiga kodiani mpaka jirani akapiga kelele kwamba kuna watu wanataka kulala mchana. Wanjugu alitikisa kichwa, lakini nilisikia anaimba chini chini huku akichambua mboga.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Kui alikuja kutoka Nakuru. Nilipiga mwomboko, akamvuta mama yake, wakacheza sebuleni hatua mbili na kugeuka, Wanjugu akijifanya hataki. Nilikuwa namwona kila anapopita mbele yangu, halafu anapotea, halafu namwona tena. Mtu fulani alikuwa ameacha kigoda mlangoni, nikakipiga teke nilipokuwa natoka. Kalenda: yote.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua mchana kutwa. Kalenda: yote.

Jumanne, 29 Aprili

Nimemwaga maziwa ya jioni. Wanjugu siku hizi anaweka vitu ukingoni mwa meza. Nilimwambia, akanitazama kwa muda mrefu, kisha akaenda kuchukua kitambaa. Kalenda: yote, pamoja na ile nambari ya simu.

Jumatatu, 5 Mei

Nimegonga paji la uso kwenye mlango wa jikoni, ule ule ambao nimeupitia tangu tujenge. Nilikuwa nawaza mambo mengine.

Ijumaa, 9 Mei

Nilikwenda kwa Kipkemoi kutazama mizinga yake. Njiani aliniambia, "Kamande, ona korongo, wawili, hapo kando yako." Sikuwaona. Alisema wameruka. Ndege wamepungua mwaka huu, nadhani ni mvua nyingi.

Aliniuliza kama naendelea na dawa ya daktari. Nikasema naendelea. Sikupenda jinsi nilivyojibu upesi.

Jumamosi, 17 Mei

Kalenda: yote. Viazi vya jirani vimepigwa na baridi, majani meusi. Vyetu bado.

Alhamisi, 22 Mei

Sijui kama niliandike hili. Jioni nilikuwa kwenye kiti changu nimemaliza kusoma kalenda, nikamwita Wanjugu aje aone jinsi nilivyosoma. Nikaita mara ya pili, kwa sauti kubwa, nikidhani yuko nje na kuku.

"Niko hapa," akasema.

Alikuwa ameketi kando yangu. Karibu magoti yetu yagusane. Alikuwa ameketi hapo, akaniambia, tangu nilipoanza kusoma.

Nikacheka. Nikasema nilikuwa namtania. Hakucheka. Kalenda ilikuwa pale mbele, wazi kabisa, kila herufi mahali pake.

Jumapili, 25 Mei

Nimerudia matone ya daktari. Asali nimeiacha. Wanjugu sijamwambia kitu.

Jumanne, 3 Juni

Leo nitaandika mpaka nimalize, hata mwandiko ukienda mlima.

Tulikwenda Nakuru, mimi na Wanjugu. Daktari Nangila alinikalisha mbele ya mashine nyingine, bakuli kubwa jeupe. Unatazama katikati, na kila ukiona kinukta cha mwanga unabonyeza kitufe. Nilitazama, nikabonyeza mara chache, halafu nikangoja. Nikangoja sana. Nikamwambia mashine imeharibika, imeacha kutoa mwanga.

"Haijaharibika, mzee," akasema.

Karatasi ilipotoka aliiweka mezani mbele yangu. Ilikuwa nyeusi, na katikati palikuwa na kitundu cheupe kisichotosha kupitisha shilingi. Kando yake akaweka ya mwezi wa tatu. Hiyo ilikuwa nyeupe, na weusi kidogo tu pembezoni.

"Dawa ulikuwa unatumia?"

Wanjugu akajibu kabla yangu. "Kila jioni, daktari. Mimi huona chupa ikipungua."

Daktari hakumtazama Wanjugu. Alikuwa ananingoja mimi. Nikamweleza kila kitu: asali, kiti, saa ile ile, kalenda. Nilimweleza vizuri, hatua kwa hatua, na nikajisikia nikieleza kwa fahari, Mungu anisamehe, kwa sababu ulikuwa mpango mzuri. Nikamwambia mpaka jana nilisoma nambari ya simu.

Alisogeza kiti chake mbele yangu. Kisha akaniambia nimtazame puani. Akainua mkono wake mmoja kando ya kichwa chake, akauliza ni vidole vingapi. Nikamwambia sioni mkono wowote.

"Presha ya macho inaanza na pembeni," akasema. "Inakula kuja ndani. Katikati ndiyo inabaki ya mwisho. Mzee, ulikuwa unapima mahali pekee ambapo hapajaguswa. Nilikueleza siku ile ya kwanza."

Siku ile ya kwanza nilikuwa natazama taa ya buluu.

Akasema atanipasua wiki ijayo ili presha ishuke. Akasema pia, bila kuzunguka, kwamba jicho lililobakiwa na kidogo hivyo linaweza kuzimika kwa kisu chenyewe, lakini bila kisu litazimika tu kabla mwaka haujaisha. Wanjugu alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Aliushika hivyo mpaka tulipofika kwetu.

Kipkemoi alikuwa langoni, amenyeshewa, anangoja habari. Wanjugu aliingia ndani ya nyumba, akatoka na ile chupa ya asali, akaitupa miguuni pake. Ilivunjika.

"Umemmaliza! Umekuja kwangu, umekunywa chai yangu, umeonja mbele yangu ndiyo nikuamini, na ukammaliza!"

"Mama Kui, Kipkemoi aliniambia nisiache ya daktari," nikasema. "Ni mimi niliyeacha."

"Wewe nyamaza! Unamtetea kwa sababu ni rafiki yako."

Nilisubiri Kipkemoi ajitetee. Ilikuwa haki yake, na angesema neno moja tu ningeliunga mkono mbele ya kanisa zima. Badala yake akasema, "Mama Kui, ni mimi nilileta." Kisha akainama, akaanza kuokota vioo kimoja kimoja ili kuku wasijikate, mvua ikimpiga mgongoni, mpaka Wanjugu akamwambia aende na asikanyage hapa tena. Akaenda. Hakuniaga, na mimi sikumwona akiondoka, maana alipita kando.

Jumatano, 4 Juni

Nilimpigia simu Kipkemoi. Ikalia tu.

Ijumaa, 6 Juni

Nimebaki na tundu, na siku chache za kulitumia. Nilidhani nitajua la kutazama. Nilifungua saa, nikatazama gurudumu moja, meno yake yote. Nikaenda kwenye miplamu: tawi moja kati ya manne limeshika, lina kijani mahali pa jeraha. Nikatazama mlango wa mzinga mpaka nyuki mmoja akatua na miguu ya njano. Kila kitu ni kizuri kiasi cha kunichosha.

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimemtazama Wanjugu. Nilimwomba akae karibu na dirisha, akauliza kwa nini, nikamwambia akae tu. Uso wake hauingii wote kwenye tundu. Niliupitia vipande vipande: jicho moja, kisha la pili, kovu dogo kidevuni ambalo amekuwa nalo tangu utoto na sikumbuki kama niliwahi kumuuliza lilitoka wapi. Nimemuuliza leo. Aliangukia jembe. Nimejua jinsi mashine za watu zinavyofanya kazi ndani, na hilo sikulijua. Akaniacha nitazame mpaka jua likashuka.

Jumatano, 11 Juni

Kesho kisu. Kipkemoi bado hashiki simu. Mvua kubwa.

Jumapili, 29 Juni

(Mwandiko huu ni wa Wanjugu. Baba Kui anasema, mimi naandika.)

Walifungua bandeji wiki mbili zilizopita. Kuna mwanga upande wa dirisha na hakuna upande wa ukuta. Basi. Daktari Nangila alinishika mkono, akasema presha imeshuka vizuri. Nikamwambia hongera. (Hakumwambia kwa ubaya. Nilikuwepo.)

Sina la kuongeza.

Ijumaa, 4 Julai

(Hakusema kitu. Nimeandika tarehe kwa sababu aliniambia kila siku ya maana iandikwe, nami sijui ni ipi ya maana.)

Alhamisi, 10 Julai

(Nimemwekea kodiani mapajani. Aliishika kama mtoto wa mtu mwingine, akanirudishia. Mvua imenyesha na hakuuliza ni kiasi gani. Saa zote za ukutani zimesimama, hakuna wa kuzitia ufunguo.)

Alhamisi, 17 Julai

(Ninaandika yangu leo, yeye amelala. Maisha yangu yote nimemwomba huyu mtu atulie. Sasa ametulia. Anakaa hapo kwenye kiti, anakula nikimpa, ananyamaza. Nyumba haina kelele, hakuna mawe mlangoni, hakuna skrubu kwenye bakuli la sukari. Ndiyo amani niliyoiomba na siitaki. Leo nilimwambia Kui kwenye simu, akaniambia, "Mum, si umwite Kipkemoi?" Nikamkatia simu.)

Jumatatu, 21 Julai

Mama Kui ameniuliza swali moja. Aliuliza ni kweli Kipkemoi alisema nisiache dawa, au nilikuwa namtetea. Nikamwambia ni kweli. Akauliza mbona hakujitetea pale langoni. Nikamwambia kwamba kwao aliyeonja kwanza ndiye anayejibu likitokea baya, hata kama mlaji alikula vibaya. Halafu nikasikia anatafuta viatu vya mvua.

(Nilikwenda kwa mguu. Nilimkuta anakata nyasi. Aliponiona aliweka panga chini na kuvua kofia. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakapotea. Nikamwambia, "Mizinga imejaa na huyo hawezi." Akasema, "Nitakuja Mama Kui, ukinikubalia." Nikasema nimekubali. Nilitaka kuongeza jambo na sikuliongeza. Baba Kui, hili pia nimeandika, hata kama hukulisema wewe.)

Jumamosi, 2 Agosti

(Mwandiko wa Wanjugu. Anasema niandike hivi.)

Kipkemoi amekuja baada ya chakula cha mchana. Nilimjua kwa viatu vyake, anakokota cha kulia. Nikamsalimu "Chamgei" kama alivyonifundisha. Akaitikia, lakini sauti yake ilikuwa ndogo. Alinishika mkono mpaka kwenye mizinga, akanipa kopo la moshi. Nilidhani nitamwaga makaa. Sikumwaga. Moshi nilijua kwa pua uende wapi, na nyuki niliwasikia wakishuka sauti mzinga kwa mzinga, jambo ambalo zamani sikuwahi kulisikia, kwa sababu nilikuwa nawatazama. Niliumwa mara mbili mkononi. Nikacheka. (Ni kweli, alicheka. Nilisikia nikiwa jikoni nikasimama.)

Tulirudi ndani na bakuli limejaa. Mama Kui aliweka chai. Tukakaa watatu mezani, asali katikati, na mvua ikaanza juu ya mabati. Nikangoja Kipkemoi aonje, ndiyo tuanze. Nilingoja kijiko. Sikusikia kitu. Nikaelewa kwamba hataweza. Mtu aliyeonja mbele yangu miaka yote hii, leo hawezi kunyoosha mkono kwenye asali iliyo juu ya meza yangu. Chai ilikuwa inapoa.

Kisha nikasikia kijiko kikigonga bakuli. Nikashukuru moyoni. Nikasema, "Asante, Kipkemoi."

Kipkemoi akasema, "Si mimi."

(Hapo amenyamaza, hataki kuendelea, kwa hiyo namalizia mimi. Ni mimi nilionja. Nilijaza kijiko nikala mbele ya Kipkemoi, anitazame mpaka nimeze, kisha nikakijaza tena kijiko hicho hicho, nikamshikisha. Alikula akiwa ameinamisha kichwa. Kisha Baba Kui akageuza uso upande wangu, akaniuliza asali ya mwaka huu ina rangi gani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kisu aulize kitu. Nilitaka kumwambia ni ya njano, basi. Nikachukua bakuli, nikaenda nalo dirishani, nikaitazama vizuri kabla ya kumjibu.)